Jua la Taa, si Jua la Jiko: Mavazi ya Safari ya Machipuko Kaskazini mwa Ulaya

Neno lenyewe ndilo lililonidanganya. Barua ya mwaliko ilieleza kwamba mafunzo yangu ya wiki 10 mjini Uppsala, nchini Uswidi, yangeanza mwishoni mwa Machi 2017, mwanzoni mwa majira ya machipuko, nami niliyezaliwa na kukulia Tanga nikalisoma neno hilo kwa macho ya nyumbani. Kwetu mimea huchipua masika, mvua inapoiangukia ardhi iliyokwisha kupikwa na kiangazi, na anayepita kwenye mashamba ya Muheza wakati huo hutota jasho kabla jua halijafika utosini. Kwa hiyo nilifunga masweta mawili mepesi, mabaibui matatu, suruali za pamba, viatu vya ngozi vya flati, khanga mbili za kujifunika, na mwavuli nilionunua Kariakoo nikiamini kwamba mvua ndiyo ingekuwa adui yangu mkubwa. Baridi niliiwazia kama ile ya Lushoto mwezi Julai: ya kuudhi asubuhi, ya kusahaulika adhuhuri.

Begi lenyewe halikufika nami. Shirika la ndege, ambalo sitalitaja, lililiacha kwenye uwanja tuliobadilishia ndege, na lilinifikia baada ya siku mbili. Nilisimama ndani ya jengo la uwanja wa Arlanda nikitazama nje kupitia vioo: anga la buluu lisilo na wingu, jua likimetameta juu ya mapaa ya magari, na watu wamevaa makoti yanayofika magotini. Niliwahurumia kwa joto nililodhani wanalipata. Kisha mlango ukafunguka. Dada mmoja mzaliwa wa Bukoba, aliyekuwa ameishi huko miaka mingi na ambaye ndiye aliyekuja kunipokea, alinivisha koti la ziada alilokuwa amelibeba mkononi bila hata kuniuliza, akasema: "Mdogo wangu, jua la huku ni taa, si jiko."

Kila ninapoombwa ushauri na mtu anayekwenda nchi hizo kati ya Machi na Mei, awe anakwenda kusoma, kuhudhuria mkutano, kumtembelea mtoto wake au kuhudhuria harusi, huanza na maneno hayo, kwa sababu makosa mengi ya kufunga mizigo ya msimu huo hutokana na kuyaamini macho. Majira ya baridi kali hayamdanganyi mtu. Anayekwenda Januari anajua anakokwenda. Machipuko ndiyo yenye hila.

Katikati ya Aprili, jua la Stockholm linapofika kilele chake mchana huwa limepanda takriban nyuzi 41 tu kutoka upeo wa macho, ilhali jua la Tanga siku hiyohiyo liko karibu nyuzi 75. Miale inayokuja kwa ulalo hutawanyika juu ya eneo kubwa na hupashia kidogo. Tena, bahari na maziwa ya huko huchelewa sana kuaga majira ya baridi: Ghuba ya Bothnia, iliyo kati ya Uswidi na Ufini, huweza kuwa na barafu hadi Mei katika sehemu zake za kaskazini. Basi mchana nchi kavu inapoanza kupata joto, upepo kutoka kwenye maji yale baridi huja kulichukua. Juu ya hayo, hewa kutoka ncha ya kaskazini na hewa yenye unyevu kutoka Atlantiki hupokezana zamu juu ya nchi hizo bila taratibu, na zamu ikibadilika unaweza kulala katika nyuzi 14 ukaamkia theluji. Watu wa Iceland wana neno moja linalosema yote, gluggaveður, yaani hali ya hewa ya dirishani: inayopendeza mradi uitazame ukiwa ndani.

Wenyeji wenyewe hawajidanganyi. Kwa wataalamu wa hali ya hewa wa Uswidi, machipuko huhesabiwa kuwa yamefika pale wastani wa joto la siku unapobaki juu ya sifuri kwa siku saba mfululizo. Maana yake ni kwamba machipuko yao huanzia pale maji yanapoacha kuganda, na hiyo haihusiani na mtu kuacha kutetemeka. Wafini wana neno takatalvi kwa baridi inayorudi baada ya kujifanya imeondoka. Iceland husherehekea Siku ya Kwanza ya Majira ya Joto kila mwaka, Alhamisi inayoangukia kati ya tarehe 19 na 25 Aprili, na mara nyingi washerehekeaji huwa wamevaa makoti mazito. Na huko Tromsø, kaskazini mwa Norwei, kina kikubwa zaidi cha theluji kilichowahi kupimwa mjini, sentimita 240, kilipimwa tarehe 29 Aprili 1997. Mtu anayekwenda Tromsø mwezi Aprili asijidanganye kwa kalenda; afunge nguo za majira ya baridi tu.

Kwa Stockholm na Uppsala, wastani wa joto la mchana na usiku kwa pamoja huwa takriban nyuzi 2 mwezi Machi, nyuzi 6 mwezi Aprili, na nyuzi 11 au 12 mwezi Mei. Ndugu zangu wa Njombe na Makete husoma tarakimu hizi wakacheka, na wa Limuru nao huniambia kwamba baridi wanaijua. Sibishani nao kuhusu asubuhi. Tofauti ni kwamba baridi ya nyanda zetu za juu huvunjika jua likishapanda, ukavua sweta ukaendelea na shughuli, ilhali ile ya huko inaweza kukaa nawe kuanzia asubuhi hadi unapoingia kitandani, na mara nyingi huja ikiwa imepanda upepo.

Upepo ndio ninaotaka msomaji auchukulie kwa uzito kuliko tarakimu za joto. Hewa ya nyuzi 5, ukiwepo upepo wa mita 10 kwa sekunde, mwili huihisi kama hewa ya nyuzi sifuri. Na upepo wa kasi hiyo si jambo la ajabu Copenhagen, Gothenburg au mji wowote ulioukabili mlango wa bahari. Mwavuli wangu wa Kariakoo ulipinduka siku ya nne juu ya daraja la mto Fyris, mbavu zake zikavunjika tatu kwa mpigo, na tangu hapo sijamshauri mtu yeyote kubeba mwavuli. Khanga nayo, ambayo nyumbani ni shuka, ni skafu, ni mbeleko na ni kila kitu, iliniangusha: nilijizungushia shingoni mikunjo minne, na upepo ukapita katikati ya nyuzi zake za pamba kana kwamba haipo. Niliendelea kuzipenda khanga zangu kwa ajili ya ndani, lakini nje nilinunua skafu ya sufi. Kwa dada zangu wanaovaa hijabu nitaongeza hili: mtandio mwepesi uliobanwa vizuri, kisha juu yake mzula wa sufi unaofunika masikio (Kenya wanauita boshori), hustahimili upepo vizuri kuliko mitandio miwili mizito inayopeperuka. Baibui refu nalo lipandishwe kidogo, maana theluji inayoyeyuka barabarani hugeuka uji wa kijivu ambao upindo wa nguo huunyonya hadi kwenye magoti.

Siku iliyonifundisha namna ya kuvaa ilikuwa tarehe 30 Aprili, siku ya Valborg, ambayo Uppsala huiadhimisha kuliko mji mwingine wowote ninaoujua. Asubuhi wanafunzi hushuka mto Fyris juu ya vyelezo walivyojiundia wenyewe. Saa 9 alasiri umati hukusanyika chini ya maktaba ya Carolina Rediviva kupunga kofia nyeupe. Na jioni mioto mikubwa huwashwa kuyakaribisha machipuko. Nilitoka saa 3 asubuhi nikiwa nimevaa fulana ya pamba na koti zito lililojazwa, kwa kuwa nilikuwa nimeapa kutopigwa tena na baridi. Kufikia saa 6 mchana jua liliwaka na umati ulikuwa umenibana kila upande, nikatoka jasho hadi fulana ikanishika mgongoni, nikalivua koti nikabaki nalo mikononi kama mzigo wa kuni. Saa 8 ikaanguka mvua ya mawe kwa dakika kama 10. Nilipolivaa tena koti, fulana iliyolowa jasho ilikuwa imeshapoa, na ule ubaridi wa pamba mbichi kifuani haukuniacha hadi usiku, hata mbele ya moto. Watu waliokuwa kando yangu walipitia hali ileile bila taabu: walikuwa wakivua kimoja na kuvaa kingine, na vile visivyotumika vikaingia kwenye mkoba wa mgongoni.

Siri yao ni kuvaa nguo nyepesi kadhaa zinazopangana badala ya moja nzito. Inayogusa ngozi iwe ya sufi laini, hasa ya kondoo wa aina ya merino, fulana ya mikono mirefu pamoja na taiti yake kwa wanaume na wanawake vilevile, kwa sababu sufi huendelea kutia joto hata ikipata unyevu, na haitoi harufu upesi, kwa hiyo mbili zinatosha safari ya wiki mbili. Pamba, hata iwe nzuri kiasi gani, ibaki kuwa nguo ya kulalia. Juu ya hiyo huja sweta la sufi au koti jepesi lililojazwa manyoya ya bata, lile linaloweza kukunjwa likaingia kwenye mfuko mdogo. Nje ya vyote huja koti jembamba lisilopitisha upepo wala maji, lenye kofia iliyoshonewa kwenye kola na lenye upana wa kutosha kuyafunika yaliyo chini yake. Kosa la kawaida ni kulijaribu dukani ukiwa na shati tu, ukafika huko likagoma kufungwa zipu. Koti hilo jembamba ndilo ninalolihesabu kuwa la kwanza kwa umuhimu kwa safari ya Aprili na Mei, na ndilo ambalo wasafiri wetu hulisahau, kwa kuwa kwa macho halionekani kama nguo ya baridi. Kwa Machi nitashauri liwepo pia koti moja zito linalofika mapajani.

Faida nyingine ya kupanga nguo namna hii huonekana ukiingia ndani. Nyumba, mabasi, madarasa na maduka ya huko hupashwa joto, kwa kawaida hadi nyuzi 20 au 21, na mtu aliyejifungia ndani ya nguo nzito asizoweza kuzivua mbele za watu ataloa jasho kwenye kiti chake kisha atatoka nalo kwenye baridi. Kila ofisi na kila mgahawa una mahali pa kutundika makoti. Vua na utundike. Usikae na koti mkutanoni kama mtu anayetaka kuondoka.

Sasa miguu, ambayo naona huharibu safari nyingi zaidi kuliko mwili uliobaki. Machi na sehemu ya Aprili, theluji huyeyuka mchana na maji yake huganda tena usiku, yakatandika juu ya njia ya miguu barafu nyembamba inayoonekana kama lami iliyolowa. Viatu vyangu vya flati vilikuwa na soli laini kama sahani. Nilianguka asubuhi ya kwanza ya masomo, mbele ya kituo cha basi kilichojaa watu, na nyonga yangu ilikumbuka hilo kwa wiki tatu. Wazee wa huko, ambao hawaoni aibu, huvalisha viatu vyao vishikizo vya mpira vyenye meno ya chuma, vinavyouzwa madukani kwa bei ndogo, na sioni kwa nini mgeni aone aibu kuliko wao. Msafiri achukue jozi moja ya buti fupi zisizopitisha maji, zenye soli ya meno ya kina na nafasi ya kutosha vidole vichezecheze ndani ya soksi nene. Kiatu kinachobana huleta baridi haraka kuliko kiatu chembamba, kwa sababu damu haipiti vizuri. Buti hizo zivaliwe nyumbani wiki mbili kabla ya safari. Raba za kawaida ziwe za pili, kwa siku kavu za Mei. Viatu vya visigino virefu, kama ni vya harusi au hafla, vibebwe kwenye mfuko na vivaliwe mlangoni, jambo ambalo wanawake wa huko hulifanya bila kujificha.

Na kuhusu soksi, kuna jambo ambalo hakuna aliyenidokezea mapema. Ukialikwa nyumbani kwa mtu Uswidi, Norwei au Ufini, utavua viatu mlangoni, sawasawa na sisi tunavyofanya msikitini au kwenye sebule yenye busati, na jioni nzima utakaa na soksi zako hadharani. Niliwahi kula chakula cha usiku kwa mwalimu wangu nikiwa nimekunja kidole gumba cha mguu wa kushoto muda wote ili tundu lisionekane. Fungasha soksi nzima, tena za sufi.

Glavu zinatosha jozi moja nyembamba zinazoruhusu kutumia simu. Ukipita mitaani Machi au mwanzoni mwa Aprili, tazama juu pia: mapaa huangusha vipande vya barafu na theluji, na bango lenye neno rasrisk lililowekwa njiani nchini Uswidi linamaanisha uvuke upande wa pili.

Wengi huniuliza wanunue wapi. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kuanza na mitumba ya Karume, na mtu wa Nairobi na Gikomba, kwa sababu mavazi ya baridi yaliyovaliwa Ulaya hutufikia humo, na kwa kuwa wanunuzi wake ni wachache huku kwetu, mara nyingine utapata sweta safi la sufi kwa bei ya kutupwa. Kagua lebo ya ndani. Muuzaji ataapa kwamba ni sufi, lebo itasema ni nailoni. Hata hivyo, buti na lile koti lisilopitisha maji sishauri kuvinunua mitumba huku, kwani utando wake wa ndani huenda umeshachakaa kwa miaka ya kukaa kwenye marobota, na hutajua hadi siku unyeshewe. Usipovipata vipya kabla ya safari, ni afadhali kuvinunua ukishafika, na hata huko kuna mitumba inayoheshimika sana: Myrorna nchini Uswidi na Fretex nchini Norwei, maduka yanayoendeshwa na Jeshi la Wokovu, na Kontti ya Msalaba Mwekundu nchini Ufini. Wanafunzi na maprofesa hukutana humo. Aprili ni mwezi mzuri wa kuyatembelea, kwa sababu wenyeji huwa wanaondoa kabatini nguo walizochoka kuziona tangu Novemba.

Baada ya kusema haya yote, lazima nikiri kilichonipata mwaka uliofuata. Nilikuwa tena Uswidi, na mama yangu alikuja kunitembelea katikati ya Mei 2018, nami kwa hofu ya yaliyonipata nilimpigia simu kila siku nikimsisitizia masweta, soksi na koti. Mei ile ikatokea kuwa ya joto lisilo la kawaida katika Uswidi na Norwei, siku nyingi zikapita nyuzi 25, na mama akakaa kwenye benchi la bustani akiwa amejitanda khanga yake, akinitazama kwa jicho la mtu aliyeamriwa abebe mwamvuli wakati wa ukame. Lakini hatukukosa jioni ambayo koti lilihitajika: tulipanda boti kwenda kwenye visiwa vya Stockholm, na mara tu boti ilipoacha ufuko, upepo wa juu ya maji yale ulimfanya alivae koti bila kusubiri kuambiwa. Kwa hiyo anayekwenda Mei achukue pia nguo nyepesi za siku mbili tatu, na asiache miwani ya jua. Jua lililo chini huingia moja kwa moja machoni, hasa kwa anayeendesha gari au baiskeli. Kwa anayepanda milima ya Norwei wakati wa Pasaka, ambapo wenyeji huenda kuteleza juu ya theluji, losheni ya kukinga jua ni ya lazima hata kwa ngozi nyeusi kama yangu, kwa kuwa theluji safi hurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi inayounguza. Nilichubuka pua ndipo nikaamini.

Mwanga wenyewe nao unahitaji kufungiwa mzigo. Sisi tuliozoea jua kuchomoza karibu na saa 12 asubuhi na kuzama karibu na saa 12 jioni mwaka mzima, hata saa zetu tukazihesabu kwa mpango huo, hupotewa kabisa. Tarehe 1 Mei mjini Stockholm jua huchomoza karibu saa 11 kasoro robo alfajiri na huzama karibu saa 3 usiku. Mwisho wa Mei huzama karibu saa 4 kasoro robo, nami sikujua niseme "saa 3 usiku" au "saa 3 mchana" huku watoto wanacheza mpira nje. Huko Tromsø, kuanzia takriban tarehe 20 Mei, halizami kabisa. Beba kitambaa cha kufunika macho wakati wa kulala, maana mapazia ya nyumba nyingi za wageni hayatoshi. Waislamu waandae ratiba ya swala ya mji husika kabla ya kuondoka, na wajue kwamba mwishoni mwa Mei Magharibi ya Stockholm huswaliwa karibu saa 4 usiku, na Isha hushikana na usiku wa manane. Saa za ukutani pia hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi, zikasogezwa mbele saa moja. Baada ya hapo Uswidi, Norwei na Denmark huwa nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja tu, na Ufini huwa sawa nasi.

Ngozi itakauka, kwa kuwa hewa ya ndani iliyopashwa joto haina unyevu. Nilibeba chupa ya mafuta ya nazi aliyoyakamua shangazi yangu Pangani, chupa nzuri yenye mdomo mwembamba, na asubuhi ya pili nikakuta yameganda kama mshumaa. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Yawekwe kwenye kopo la mdomo mpana. Ongeza mafuta ya mdomo, uyaweke mfukoni mwa koti. Ukikohoa na macho yakawasha Aprili, usifikiri mara moja kwamba umepata homa: mchanga uliomwagwa barabarani majira yote ya baridi, pamoja na lami iliyosagwa na matairi yenye misumari, huinuka kama vumbi njia zinapokauka. Mwishoni mwa Aprili na Mei huja chavua ya miti ya betula (birch), inayowatoa machozi watu wengi wa huko. Dawa zake huuzwa kwenye duka la dawa bila cheti cha daktari. Mwenye pumu abebe dawa zake za kutosha, kwenye mkoba wa mkononi.

Mvua nimeigusa kidogo kwa sababu upande wa Stockholm na Helsinki machipuko kwa kawaida ndiyo majira makavu kuliko mengine. Bergen ni habari nyingine. Mji huo wa magharibi mwa Norwei hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ingawa Aprili na Mei ni nafuu ukilinganisha na miezi ya vuli, suruali ya mvua ya kuvaa juu ya nguo ni akili. Copenhagen inahitaji kinga ya upepo kuliko kitu kingine chochote, hasa ukikodi baiskeli, na utaikodi.

Siku tatu kabla ya kuondoka, fungua Yr, huduma ya utabiri ya taasisi ya hali ya hewa ya Norwei inayotoa taarifa za dunia nzima, uangalie saa baada ya saa. Usitazame alama ya jua iliyochorwa pale; soma kasi ya upepo na joto la usiku. Kisha panga mkoba wa mkononi ukichukulia kwamba begi kubwa halitafika: koti, fulana moja ya sufi, soksi, mzula na adapta ya soketi zenye matundu mawili ya mviringo viwe humo. Buti zivae miguuni ndani ya ndege. Utaona joto ukiwa Dar es Salaam na utachekwa kwenye foleni, lakini ni kwa saa chache.

Koti langu la kijivu nililolinunua kwenye mitumba ya Uppsala nilirudi nalo. Tangu hapo limekwenda Oslo na mwalimu mmoja wa sekondari, limekwenda Helsinki mara mbili na binamu yangu, na sasa limetundikwa nyuma ya mlango Tanga likiwa na vidonge vya naftalini mifukoni. Zipu ya mfuko wa kulia haifungi. Anayelihitaji kwa Aprili ijayo anijulishe kabla ya mwisho wa Februari, na alirudishe likiwa limekauka.